Antônio Francisco Lisboa, Mchonga Manabii

Mtu akiondoka katika milima ya Marungu na kuelekea magharibi, akaipita nchi yote ya Kongo hata pwani, kisha akavuka bahari kuu ya Atlantiki, atafika katika nchi ya Brazili. Huko, katika mkoa uitwao Minas Gerais, uko mji wa Congonhas, na juu ya kilima cha mji huo limejengwa kanisa la Yezu Mwema wa Matosinhos. Mbele ya kanisa kuna ngazi pana za mawe, na juu ya kuta za ngazi hizo wamesimama watu kumi na wawili wa mawe, wenye kimo kama cha mtu. Jua huwachoma, mvua huwanyeshea, nao hawaondoki. Hao ni manabii wa Agano la Kale. Aliyewachonga alikuwa mwana wa mama Mwafrika, mtumwa. Na wakati alipowachonga, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kukatika kwa ugonjwa.

Jina lake alilobatizwa ni Antônio Francisco Lisboa. Lakini watu wa Brazili humjua zaidi kwa jina la Aleijadinho, maana yake Kilema mdogo. Si jina la heshima. Walakini leo watu hulitaja kwa heshima kuliko majina ya matajiri wengi wa siku zake.

Alizaliwa yapata mwaka 1738 katika mji wa Vila Rica. Siku zile nchi ya Brazili ilitawaliwa na mfalme wa Ureno, na Vila Rica ulikuwa mji wa dhahabu. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa katika milima ile mwishoni mwa karne ya 17, na mara Wareno wakaja kwa maelfu. Wao wenyewe hawakupenda kuchimba. Wakanunua watu. Katika karne zote za biashara ile mbaya, Waafrika zaidi ya milioni nne walifikishwa Brazili katika merikebu, na wengi wao walitoka Kongo na Angola. Huko machimboni walisimama katika maji baridi ya mito kutwa nzima, wakichekecha mchanga, na wengi walikufa kabla ya kuzeeka. Wazee wa pwani ya Tanganyika nao waliona misafara ya watumwa ikipelekwa upande wa mashariki, hata Kapiteni Leopold Joubert alipokuja kuwalinda watu wa Mpala na wa Mrumbi. Basi watu wa Marungu hawana haja ya kufafanuliwa sana neno la utumwa.

Baba yake Antônio alikuwa Mreno, jina lake Manuel Francisco Lisboa, fundi mkubwa wa majengo na wa useremala. Mama yake aliitwa Isabel, naye alikuwa mtumwa wa huyo Manuel. Kwa sheria ya nchi ile, mtoto alifuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto pia ni mtumwa tangu tumboni, hata kama baba yake ni bwana wa nyumba. Lakini siku ya Ubatizo baba yake alimpa uhuru. Hivyo Antônio alipokea mambo mawili siku moja: akawa mtoto wa Mungu, akawa pia mtu huru mbele ya watu. Habari za Isabel baada ya siku ile ni chache mno. Vitabu vya zamani viliandika sana habari za mafundi na mabwana, lakini akina mama watumwa viliwapita upesi.

Baadaye Manuel alioa mke Mreno, akazaa naye watoto, na mmoja wao, Félix, akawa padri. Antônio alikua pamoja nao. Akajifunza kusoma na kuandika, akajifunza kazi katika karakana ya baba yake na kwa baba yake mdogo, Antônio Francisco Pombal, aliyekuwa mchongaji wa mbao. Mtu mwingine, João Gomes Batista, aliyechora nakshi za sarafu za mfalme, inasemekana ndiye aliyemfundisha kuchora. Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa Biblia. Neno hili ni la kukumbukwa, kwa maana mtu asiyezijua habari za Yona na za Habakuki hawezi kuwachonga vema, hata akiwa na patasi kali namna gani.

Sasa ni lazima kueleza kidogo jinsi makanisa yalivyojengwa katika nchi ile. Mfalme wa Ureno aliwakataza watawa wasikae katika mkoa wa dhahabu, kwa kuhofu dhahabu isitoroshwe. Kwa hiyo makanisa hayakujengwa na mashirika ya watawa, bali na vyama vya waamini wenyewe. Kila chama kilikuwa na mtakatifu wake, kanisa lake, sanduku lake la fedha, na wivu wake. Kama chama hiki kilijenga mnara, chama kile kilitaka mnara mrefu zaidi. Tena vyama vilitengana kwa rangi: wazungu walikuwa na vyama vyao, weusi vyao, na machotara vyao. Watu waliokiri Baba mmoja aliye mbinguni hawakukubali kukaa kwenye ubao mmoja kanisani. Jambo hilo lilikuwa ovu, wala haifai kulifunika kwa sababu tu nyumba walizozijenga zilikuwa nzuri.

Nazo zilikuwa nzuri kweli. Namna ya ujenzi na uchongaji ya siku zile huitwa baroko. Ilianza Roma, ikaenea Ulaya yote, kisha ikavuka bahari. Katika namna hiyo jiwe halitulii. Nguo za watakatifu hupeperuka kama zimeshikwa na upepo, malaika hushika taji na masongo ya maua, nguzo hujipinda, na ukuta wenyewe huingia na kutoka kama mawimbi ya ziwa. Kusudi lake lilikuwa kumvuta mtu akiwa bado nje. Mtaguso wa Trento, uliokwisha mwaka 1563, ulikuwa umefundisha kwamba sanamu takatifu ni halali na zina faida, kwa kuwa humfundisha mtu mambo ya imani; tena ulieleza kwamba heshima haipewi mbao wala jiwe, bali inamwendea yule anayeonyeshwa na sanamu. Jambo hili wakatekumeni hulijadili mara nyingi, hasa katika nchi kama ya Watabwa, ambako mafundi wa zamani walichonga sanamu za wahenga na watu wakaziendea kwa haja zao. Manabii wa Congonhas hawapewi unga wala pombe, wala hawaulizwi sababu ya ugonjwa. Wamesimama nje ya mlango kumwonyesha mtu njia ya kuingia ndani, na ndani iko altare.

Mwaka 1766 chama cha wazungu kilichofuata kanuni ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi kilianza kujenga kanisa jipya katika Vila Rica. Antônio ndiye aliyelichora. Minara yake ni ya mviringo, na mlangoni Antônio alichonga kazi ambayo watu husafiri kutoka mbali kuitazama. Juu ya mlango yuko Bikira Maria katika duara, amezungukwa na malaika na maua. Na juu zaidi, mahali ambapo makanisa mengine yana dirisha la mviringo, alichonga mlima wa Alverna, na Mtakatifu Fransisko amepiga magoti, anatazama juu, akipokea katika mikono yake madonda ya Yezu Kristu.

Kazi hiyo ni ya jiwe la sabuni. Jiwe hilo ni laini. Likitolewa machimboni huweza kukatwa kwa msumeno na kuchongwa karibu kama mti mgumu, kisha likikaa katika hewa huwa gumu zaidi. Rangi yake ni ya kijivu au ya kijani kibichi kilichofifia. Mafundi wa Kisii katika nchi ya Kenya nao huchonga mawe ya namna hiyo. Marumaru ya Ulaya ilikuwa mbali na ghali, naye Antônio hakulalamika; alitwaa jiwe lililokuwa chini ya miguu yake.

Chama cha Mtakatifu Fransisko kilimlipa fedha yake. Kumpokea awe ndugu ndani yake, hapana, kwa sababu alikuwa chotara. Yeye aliingia katika chama cha Mtakatifu Yosefu, seremala wa Nazareti, ambacho machotara na mafundi walikubaliwa, mwaka 1772. Basi mtu aliyewachongea mlango wa kanisa hakuweza kuwa mwanachama wao. Hakuna habari kwamba alichonga vibaya kwa ajili ya uchungu huo.

Tangu ujana wake alikuwa mtu wa furaha, mpenda ngoma na chakula kizuri. Hakuoa. Alizaa mtoto na mwanamke aitwaye Narcisa, na mtoto akapewa jina la babu yake, Manuel Francisco Lisboa. Haifai kumfanya mtakatifu mtu ambaye Kanisa halikumtaja kuwa mtakatifu. Alikuwa mkristu kama wakristu wengi, mwenye imani na mwenye makosa.

Yapata mwaka 1777 ugonjwa ukamshika. Waganga waliochunguza habari zake baadaye hawakupatana: wengine walisema ni ukoma, wengine wakataja magonjwa mengine. Vidole vya miguu vilikatika, hata akawa anakwenda kwa magoti. Vidole vya mikono vilipinda, vikakauka, vikaanza kuanguka. Uso ukaharibika, kope za macho zikavimba. Husimuliwa kwamba maumivu yalipozidi, alitwaa patasi na kuvikata mwenyewe vidole vilivyomtesa.

Fundi yeyote anajua maana ya kupoteza mkono. Mkulima akivunjika mguu, watoto humlimia. Lakini ujuzi wa mchongaji unakaa katika vidole vyake, wala hauwezi kuazimwa. Ingekuwa rahisi Antônio kuketi mlangoni mwa kanisa alilolichora na kuomba sadaka. Hakufanya hivyo. Aliagiza nyundo na patasi zifungwe kwa kamba kwenye mikono yake, akashonewa vipande vya ngozi vya kuvaa magotini, akapanda ngazi za kazi kwa magoti. Kazi zake kubwa kuliko zote alizifanya baada ya ugonjwa kuanza. Jambo hili linashangaza, nalo ni la kweli; hati za malipo alizozitia sahihi yake zingalipo.

Aliona haya sana kutazamwa. Alikwenda kazini kabla ya mapambazuko na kurudi usiku, amevaa joho refu na kofia pana, amepanda punda. Mahali pa kazi alizungushiwa turubai ili wapitao wasimwone. Mtu akija kumsifu, alichukizwa, akidhani anadhihakiwa. Husimuliwa kwamba siku moja gavana alimwita ili achonge sanamu ya Mtakatifu Jorji, itakayopandishwa juu ya farasi katika maandamano ya Ekaristi Takatifu. Askari mkubwa wa gavana, José Romão, alipomwona akarudi nyuma, akasema kwa sauti kwamba mtu huyu ni mbaya wa sura. Antônio alisikia, akanyamaza, akaenda kuchonga. Siku ya maandamano watu wa mji wakamwona Mtakatifu Jorji akipita juu ya farasi wake, naye alikuwa na uso wa José Romão, hata watu wakacheka njiani. Kulipa kisasi si jambo la kikristu. Lakini kati ya visasi vyote ambavyo mtu aliyetukanwa angeweza kulipa, hicho hakikumwaga damu.

Waliomfunga patasi mikononi walikuwa watumwa wake. Ndiyo, mwana wa Isabel naye alinunua watumwa. Majina yao yamehifadhiwa: Maurício, Agostinho na Januário. Agostinho alikuwa mchongaji. Januário alimwongoza punda. Husimuliwa kwamba aliponunuliwa alitaka kujiua, kwa kuchukia kumtumikia bwana mwenye sura ile, lakini baadaye akawa mwaminifu kwake. Maurício ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Antônio aligawana naye mapato ya kazi, na pengine katika hasira ya maumivu alimpiga kwa nyundo ileile ambayo Maurício alikuwa amemfungia. Siku zile mtu huru aliyepata fedha alinunua watumwa, kama vile mtu wa leo anavyonunua baiskeli, wala wengi hawakuona dhambi. Mtu aliyepewa uhuru katika kisima cha Ubatizo angaliweza kuona mbali zaidi ya hapo. Hata hivyo mikono ya Maurício imo katika kila jiwe la Congonhas, na anayemtaja bwana bila mtumwa hasemi habari yote.

Kanisa la Congonhas lilianza kwa nadhiri. Mchimbaji Mreno aliyeitwa Feliciano Mendes aliugua sana, akamwahidi Yezu kwamba akipona atajenga mahali pa kumheshimu. Akapona, na mwaka 1757 akaanza kujenga, akizunguka nchini na kuomba sadaka mpaka alipofariki mwaka 1765. Wengine wakaendeleza kazi. Mwaka 1796 Antônio akaitwa. Alikuwa mzee, mgonjwa, anaona kwa shida.

Kwanza alichonga Mateso ya Bwana wetu kwa mti wa mseda: Karamu ya mwisho, Bustani ya Mizeituni, kukamatwa kwa Yezu, kupigwa kwake mijeledi na kuvikwa taji la miiba, kuchukua msalaba, na kusulubiwa. Sanamu zilizidi 60, na yeye pamoja na wasaidizi wake wakazimaliza mwaka 1799. Baadaye zikapakwa rangi na mchoraji Manuel da Costa Ataíde na wenzake, zikawekwa katika vikanisa sita kwenye mteremko wa kilima. Mwenye kuhiji hupanda akipita kikanisa kimoja baada ya kingine. Wale askari wa Pilato wana pua kubwa na macho ya kutoka, wamechongwa ovyo kidogo, pengine na wasaidizi. Lakini Yezu ametulia kati yao, na uso wake umefanywa kwa uangalifu mwingi.

Kisha, kati ya mwaka 1800 na 1805, wakaja manabii. Chini kabisa, pande mbili za ngazi, wanasimama Isaya na Yeremia, kama walinzi wa lango. Isaya ni mzee mwenye ndevu, naye katika ukunjo wa maandiko anataja kaa la moto ambalo Serafi aligusa nalo midomo yake. Yeremia anaulilia mji wa Yeruzalemu. Juu yao ni Baruku na Ezekieli, kisha Danieli na Osea, Yoeli na Yona, Amosi na Nahumu, na penye pembe za nje Abdia na Habakuki wameinua mikono yao juu, mmoja upande huu na mmoja upande ule.

Kila mmoja ameshika ukunjo wenye maneno ya Kilatini. Wenyeji wengi hawakujua Kilatini, na wengi hawakujua kusoma kabisa. Ndiyo sababu mchongaji aliwapa alama. Danieli ana simba amelala miguuni pake, mpole kama mbwa wa nyumbani. Yona ana samaki mkubwa nyuma yake, naye anatazama juu mbinguni kama mtu aliyetoka gizani sasa hivi. Amosi, aliyekuwa mchungaji, amevaa joho la ngozi ya kondoo. Wachunga ng'ombe wa Pepa, wanaolijua baridi la milimani, wangemtambua mara moja bila kuambiwa jina. Nahumu amezeeka, amechoka. Wengi wa wale wenye kujua kazi husema Danieli ndiye aliyechongwa na Antônio peke yake, kwa jiwe moja zima, na kwamba katika wengine wasaidizi walishika patasi mahali pengi.

Wapo wanaosema kwamba miili ya manabii hawa haina kipimo sawa: mikono ya baadhi yao mifupi, miguu mifupi, vichwa vikubwa. Ni kweli, ukisimama karibu na kupima. Lakini haikukusudiwa upime. Mtu anayepanda ngazi akitoka katika kikanisa cha Msalaba huwaona kutoka chini, na mbingu nyuma yao, na kila hatua anayokwenda wao huonekana kugeuka na kusemezana: huyu anaonya, yule analia, yule anaonyesha juu. Walitabiri habari za Masiya kabla hajaja. Sasa wamewekwa kati ya Mateso yake yaliyo chini ya kilima na altare yake iliyo juu. Hakuna somo la katekisimu lililopangwa vema kuliko hilo.

Mwaka 1985 shirika la UNESCO liliandika mahali pale katika orodha ya urithi wa ulimwengu wote. Mji wa Vila Rica, ambao tangu mwaka 1823 unaitwa Ouro Preto, yaani Dhahabu Nyeusi, ulikuwa umeandikwa mwaka 1980. Na utumwa katika Brazili ulifutwa tarehe 13 Mei 1888, mwaka uleule ambao Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri juu ya mateso ya watumwa wa Afrika. Antônio hakuyaona hayo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Fedha alizopata zilikuwa zimekwisha, nyingine kwa kuwapa maskini. Mke wa mwanawe, Joana Lopes, akamchukua nyumbani kwake, akamwosha, akamlisha. Karibu miaka miwili alilala juu ya mbao zilizowekwa juu ya magogo, upande mmoja wa mwili ukiwa na madonda, macho hayaoni tena. Karibu naye aliweka sanamu ya Yezu, akamwomba aweke miguu yake mitakatifu juu ya mwili wake. Habari hizo Joana alizisimulia, na mwaka 1858 mtu aliyeitwa Rodrigo Bretas akazichapa, akawa wa kwanza kuandika maisha ya Kilema mdogo.

Alifariki tarehe 18 Novemba 1814. Padri wa parokia akaandika katika kitabu cha wafu jina lake, kwamba alikuwa chotara, hakuoa, mwenye umri wa miaka 76, na kwamba alipokea Sakramenti zote. Kazi yake hakuitaja. Alizikwa ndani ya kanisa la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, katika mtaa wa Antônio Dias, karibu na altare ya Mama wa Kifo Chema.